Mota ikianza kulia, usivunje kibubu kwanza

Chukua familia moja ya Kilwa Masoko. Mama anachuuza samaki. Saa 11 alfajiri yuko pwani akisubiri mashua na ngalawa zilizolala baharini, na jua likichomoza ndoo yake imeshafungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli ya umeme, anapita mtaa kwa mtaa. Ikifika saa 1 anarudi nyumbani, anashusha ndoo, anampakia mtoto wa darasa la pili na kumwahisha shuleni. Kisha anatoka tena kumalizia samaki waliobaki kabla jua halijawa kali.

Baiskeli hiyo ndiyo miguu ya nyumba.

Siku moja gurudumu la nyuma linaanza kulia. Mwanzoni ni mvumo tu, kama nyuki kwenye kopo. Baada ya wiki mbili ni sauti ya msumeno unaokata mbao mbichi. Wateja wanacheka: mama hana haja tena ya kupiga hodi, wanamsikia akiwa bado kona ya msikiti. Mama hacheki. Anajua kitu kinachopiga kelele hivyo kina siku zake.

Fundi wa kando ya barabara analizungusha gurudumu mara moja, anasikiliza, anatoa jibu. "Mota hii imekufa, mama. Agiza nyingine Dar."

Bei anayoitaja inakaribiana sana na fedha zilizomo kwenye kibubu, na fedha hizo zina kazi yake. Binti mkubwa anamaliza darasa la saba mwaka huu. Shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini kila mzazi anajua hesabu haiishii kwenye ada. Kuna sare, viatu, madaftari, na akipangiwa shule ya bweni kuna godoro, shuka, ndoo na nauli. Usiku huo mume na mke wanazungumza kwa sauti ya chini, watoto wakiwa wamelala au wanajifanya wamelala. Kibubu kivunjwe, kisivunjwe?

Familia hii ni ya mfano, lakini swali lake ni la kweli kwa kila nyumba ambayo riziki yake iko juu ya magurudumu mawili. Na jibu, mara nyingi, ni kwamba kibubu kisiguswe kwanza. Mota inayolia kwa namna hiyo mara nyingi haijafa. Imeishiwa grisi.

Ndani kuna nini

Mota za baiskeli za umeme zinazokaa katikati ya gurudumu ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni pana kama sahani, tena nyembamba, na ndani yake hakuna gia hata moja. Sumaku na nyaya za shaba ndizo zinazosukumana na gurudumu likazunguka. Pikipiki nyingi za umeme zenye mota kwenye gurudumu ni za aina hii. Mota hizo hazina gia ya kupaka grisi, kwa hiyo zikilia tatizo litafutwe kwenye beringi au kwingineko.

Aina ya pili ni ndogo na nene, inakaribia umbo la mkebe wa maziwa ya unga. Ndani yake kuna mota ndogo inayozunguka kwa kasi, na kati ya mota hiyo na ganda la nje kuna gia, mara nyingi tatu, na mara nyingi za nailoni. Mota huzunguka kama mara nne au tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kasi inapungua, nguvu inaongezeka, na ndiyo maana kitu kidogo hivyo kinaweza kumpandisha mtu mzima na ndoo ya samaki mlimani.

Kuzitofautisha hakuhitaji kifaa. Chomoa betri, inua gurudumu, lizungushe kwa mkono kwenda mbele. Likizunguka kwa wepesi, kisha ukilirudisha nyuma likawa zito na la kugomagoma, ndani kuna gia pamoja na klachi inayoshika upande mmoja tu. Likigoma vilevile pande zote mbili, ni ile isiyo na gia.

Zipo pia baiskeli ambazo mota yake haiko kwenye gurudumu bali chini, kwenye pedali. Ndivyo zilivyo nyingi za Kijapani. Yamaha ndiyo iliyoanza kuuza baiskeli ya namna hiyo nchini Japani mwaka 1993. Nazo zina gia na grisi ndani, lakini kuzifungua kuna mambo mengi zaidi, na ni vyema ziende kwa fundi aliyewahi kufungua moja. Makala haya ni ya ile ya gurudumu, ya mkebe wa maziwa.

Nailoni hailii kama chuma. Tena mzigo ukizidi, au mtu akikaba gesi wakati gurudumu limenasa kwenye mchanga, meno ya nailoni ndiyo yanayoumia kwanza, na gia ni rahisi kubadilisha kuliko koili. Lakini nailoni inataka grisi. Na grisi si mafuta mazito tu, kama wengi wanavyodhani. Ni mafuta yaliyoshikwa na aina fulani ya sabuni, mfano wa sponji iliyoshika maji. Gia zinaposagana, sponji hiyo inatoa mafuta kidogokidogo. Joto likizidi na miezi ikipita, mafuta yanaisha, inabaki sabuni kavu. Nyingine inarushwa pembeni na mzunguko, inaganda ukutani mwa ganda ambako haina faida kwa mtu. Hapo meno yanaanza kusagana makavu, na mtaa mzima unasikia.

Pwani inakula vyuma

Bati la nyumba iliyo karibu na maji ya Kilwa halizeeki sawa na bati la Nachingwea. Kila mkazi wa ukanda wa Lindi analijua hilo. Hewa yenyewe ina chumvi, mchanga ni mwepesi na unapeperuka, na wakati wa masika barabara za mitaani zinageuka mito midogo.

Kwa mchuuzi wa samaki hali ni mbaya zaidi. Ndoo imefungwa nyuma, juu ya mota. Barafu inayeyuka, maji yenye chumvi na magamba yanadondoka tone baada ya tone juu ya ekseli, mahali hasa ambapo waya unaingia kwenye mota. Wakati wa maji kupwa wapo wanaosukuma baiskeli mpaka kwenye ukingo wa maji ili wawahi samaki. Jioni baiskeli inaoshwa kwa ndoo ya maji, inamwagiwa kwa nguvu mpaka kwenye gurudumu. Nia ni njema, lakini maji yale yanatafuta njia ya kuingia ndani, na kwenye mota iliyochakaa sili zake, wanaipata.

Wazee wa hapa hawahitaji kufundishwa somo hili. Mashua zinazovuka kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hazidumu majini kwa mbao na misumari tu. Mishono yake inakalafatiwa, mbao zinapakwa sifa, yale mafuta ya papa, na chini zinapakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kila baada ya muda chombo kinapandishwa mchangani, kinakwanguliwa, kinapakwa upya. Hakuna nahodha anayekitupa chombo kwa sababu mshono mmoja umeanza kuvujisha.

Fundi aliyesema mota imekufa si mwizi. Amekulia kwenye injini za petroli, na injini ya petroli ikitoa sauti ile kweli imekwisha. Chombo cha umeme ni kigeni kwake, ingawa umeme wenyewe si mgeni kwa wilaya hii: gesi ya kisiwa cha Songo Songo, kilicho ndani ya Wilaya ya Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme wa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Mafundi wa baiskeli za umeme wataongezeka. Jinja, nchini Uganda, shirika la FABIO limekuwa likisambaza baiskeli za umeme za kubebea mizigo kwa miaka kadhaa sasa, na kila zinapokwenda zinazaa mafundi. Kwa sasa, katika miji mingi midogo ya pwani, fundi wa kwanza ni mwenye baiskeli mwenyewe.

Tena Dar si jirani. Ni karibu kilomita 300. Mei 2024, mvua na mafuriko yaliyoandamana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, na aliyekuwa akisubiri kipuri kwenye basi alisubiri sana.

Jumamosi barazani

Kazi inachukua saa mbili hadi tatu kwa mtu anayeifanya mara ya kwanza. Vifaa vingi vimo nyumbani au kwa jirani: spana ya nati za ekseli, mara nyingi namba 18 ingawa 17 na 19 zipo, bisibisi au funguo ndogo za L kwa skrubu za kifuniko, kipande cha mbao na nyundo, matambara safi, mswaki wa zamani, mafuta ya taa kidogo, grisi, na shuka kuukuu ya rangi nyepesi ya kutandika chini. Hiyo rangi nyepesi ina maana yake. Skrubu nyeusi ikidondoka kwenye mchanga wa uani, imekwenda.

Katika familia yetu ya mfano, baba ni fundi wa mashua. Kusi inavuma, mchanga unaruka uani, hivyo anatandika shuka barazani kwenye kinga. Anataka kufanya peke yake. Binti amekaa kizingitini.

"Baba, nikusaidie?"

"Kamwangalie mdogo wako, mwanangu. Hii grisi itakuchafua."

"Grisi inatoka kwa sabuni, baba."

Bibi, aliyekaa kwenye mkeka wake akichagua mchele, anaingilia bila kuinua kichwa. "Mwache mtoto. Anayeiendesha ni mwanamke. Anayeijua ndani naye akiwa mwanamke, kuna ubaya gani?"

Baba anakuna kichwa, anasogea. Nyumba nyingi zina kijana wa kiume anayeruhusiwa kuchokonoa redio mbovu tangu akiwa na miaka minane, na dada yake mwenye mikono mizuri zaidi anayeitwa jikoni kila akikaribia. Skrubu za kifuniko cha mota ni ndogo, zinataka vidole vyembamba na uvumilivu. Mtoto anayetunga shanga anavyo vyote viwili.

Kazi ya kwanza ya binti ni simu. Kabla ya kitu chochote kufunguliwa anapiga picha: waya umepita wapi, washa zimepangwaje, mshale kwenye plagi unaelekea wapi. Atapiga nyingine kila hatua. Mzazi anayesoma habari hii ana kifaa hichohicho mkononi, na picha kumi za namna hiyo zinaokoa ugomvi mwingi jioni wakati wa kurudishia.

Kazi ya baba ni betri, na hapa hakuna mzaha. Haizimwi swichi tu. Inachomolewa, inapelekwa chumba kingine. Mtoto mdogo akigusa mkono wa gesi wakati vidole vya mtu viko kwenye gurudumu, yatazungumzwa mengine. Betri yenyewe haifunguliwi nyumbani kwa sababu yoyote ile, hata kama imeanza kuchoka.

Baiskeli inapinduliwa juu chini. Plagi ya mota inavutwa moja kwa moja, bila kuisokota, kwa kuwa ndani yake kuna pini nyembamba. Nati zinalegezwa. Kila washa inayotoka inawekwa kwenye shuka kwa mpangilio uleule iliotokea, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto. Kuna washa moja yenye jino linaloingia kwenye fremu. Baba anaishika juu mwangani, anamwonyesha binti.

"Hii ndiyo inayoizuia ekseli isizunguke. Ukiisahau, mota ikianza ekseli inajizungusha yenyewe, inaukata waya."

"Kama nanga."

"Haswa. Kama nanga."

Gurudumu likishatoka, binti anachora mstari mmoja wa rangi ya kucha, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye ganda, ili wakati wa kurudishia kikae palepale. Rangi ni ya mama, hakuombwa ruhusa. Skrubu zinalegezwa kidogokidogo kwa kukingamana, si moja moja hadi mwisho. Zikigoma kwa kutu, tone la mafuta ya taa na subira ya robo saa vinasaidia kuliko nguvu. Kwenye baadhi ya mota kifuniko hakina skrubu, kimekazwa chote kama kifuniko cha chupa na kinataka kifaa chake maalumu. Ukikuta hiyo, simama hapo umtafute mwenye kifaa, maana patasi na nyundo vitaivunja.

Kiini kinatolewa kwa kugonga taratibu ncha ya ekseli juu ya ubao, nati ikiwa imerudishwa kidogo kulinda uzi. Kikishatoka, gia zinaonekana. Sehemu yenye sumaku na koili haitenganishwi. Haina grisi ya kubadilisha, na sumaku zake zinavuta kwa nguvu ya kubana kidole mpaka kiwe cheusi. Isiwekwe karibu na skrubu wala vipande vya msasa, vitaruka na kuganda humo.

Binti anachungulia. "Baba, inafanana na nta ya masikio."

Inafanana kweli. Na rangi ya grisi ya zamani inasimulia habari. Ikiwa ya kahawia, ngumu, ya kukwanguka kwa ukucha, ni umri na joto. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, na kazi haitaisha kwa kupaka mpya tu. Njia ya maji lazima izibwe. Ikimetameta ukiigeuza mwangani, kuna chuma kinachosagika, mara nyingi beringi. Punje ngumu nyeupe ni habari mbaya kidogo: huenda ni vipande vya meno.

Ya baiskeli ya mama ni kahawia, na pembeni ina utando mweupe. Umri, na maji ya samaki.

Grisi kavu inatolewa kwanza kwa tambara na kijiti. Gia na ganda la chuma vinasuguliwa kwa mswaki wenye mafuta ya taa kidogo, vinafutwa, vinaachwa vikauke kabisa. Koili haziogeshwi, si kwa mafuta ya taa, si kwa petroli, si kwa maji. Nyaya zake zina ngozi nyembamba ya vanishi, na karibu yake kuna sensa ndogo ambazo zikiloa mota inaanza kutetemeka badala ya kuzunguka. Zifutwe kwa tambara kavu tu. Tambara chafu liende kwenye kopo, lisitupwe ufukweni.

Sasa meno. Binti anaweka nukta ya rangi ya kucha kwenye jino la kuanzia na kuhesabu. Thelathini na sita. Gia ya pili, thelathini na sita. Ya tatu anaihesabu mara mbili.

"Yapo yote, baba."

Hapo ndipo kibubu kinapona. Kama meno yangekuwa yamekatika au yameliwa mpaka yamechongoka, dawa ingekuwa kuagiza seti ya gia, zote kwa pamoja, kwa sababu gia mpya ikifanya kazi na mbili zilizochakaa hugawana mzigo vibaya. Anayeagiza apime upana wa gia kwa rula, ahesabu meno, na atume picha, kwa kuwa zinafanana sana machoni bila kulingana. Hata hivyo seti ya gia ni bei ndogo sana mbele ya mota nzima.

Grisi gani, na kiasi gani

Kila nyumba ina mshauri. Katika nyumba hii ni babu, aliyetoka msikitini na kukuta gurudumu limefumuliwa. Anashauri sifa. Mafuta ya papa yamelinda mashua tangu enzi za mababu, yatashindwaje na kibaiskeli? Baba anamjibu kwa adabu kwamba mashua haina nailoni, na kwamba mama akipita mtaani na sifa kwenye gurudumu hatahitaji kutangaza kwamba anauza samaki.

Mafuta ya nazi nayo hayafai. Yanachacha. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, yatadondoka siku ya pili. Ile dawa ya kopo ya kupuliza inayolegeza kutu ina hila: ukiipuliza kupitia tundu la ekseli kelele inapungua kwa siku mbili tatu, mtu anafurahi, kumbe imeosha hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Grisi inayofaa ni laini na inayopatana na plastiki. Ile nyeupe ya lithiamu inatosha kwa wengi. Iliyoandikwa kwamba ni salama kwa plastiki na inastahimili maji ni bora zaidi kwa pwani. Ile nzito sana ya beringi za magurudumu ya lori inaigandamiza mota na kuipasha joto bure. Kopo dogo la grisi halifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya mota mpya, na linatosha kazi nyingi.

Kosa kubwa la wanaofanya mara ya kwanza ni ukarimu. Mtu anaona gia kavu, anaionea huruma, anajaza ganda lote. Grisi inayozidi inarushwa, inaingia kusikotakiwa, na ikifika kwenye klachi klachi inateleza: mota inavuma na gurudumu halisogei. Kinachotakiwa ni kila jino lipate koti jembamba, pande zote, na pete ya meno ya ndani ya ganda nayo ipakwe hivyohivyo. Vijiko viwili vya chai kwa mota nzima ni vingi. Klachi inapewa tone moja la mafuta mepesi, si grisi. Binti anapaka kwa mswaki, anageuza gia kwa kidole, anapaka tena, kama anayempaka mdogo wake mafuta baada ya kuoga.

Wakati wa kufunga, alama ya rangi ya kucha inakutana na nusu yake, skrubu zinakazwa kwa kukingamana, washa yenye jino inarudi mahali pake, picha kwenye simu zinaangaliwa mara mbili. Baba anaongeza mambo mawili ambayo hayakuwapo. Waya unaotoka kwenye ekseli anauacha uning'inie kidogo, uwe na tumbo, kabla ya kupanda kwenye fremu, ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee chini badala ya kuingia ndani. Na chini ya kibebeo anafunga kipande cha tairi kuukuu, kikubwa kuliko kitako cha ndoo, kuyakinga maji ya samaki. Kuanzia leo baiskeli itafutwa kwa tambara bichi, haitamwagiwa.

Betri inarudishwa gurudumu likiwa bado hewani. Gesi kidogo, kidogo sana. Wote wanne wamenyamaza, bibi naye ameacha mchele. Gurudumu linazunguka. Kuna mvumo mwembamba, wa feni iliyo chumba cha pili, basi.

Baba anaizungusha barabara ya mtaa mara tatu, anarudi, anakaza nati tena, maana baada ya mwendo wa kwanza huwa zinalegea. Kwa baiskeli ya kazi nzito kando ya bahari, kuifungua mara moja kwa mwaka baada ya masika si uchokozi. Anayeendesha mara chache asubiri sauti ibadilike, lakini asisubiri wiki mbili. Kelele ikianza, kila kilomita inakula jino.

Jumatatu alfajiri mama anapeleka baiskeli pwani, anapakia ndoo, anaingia mitaani. Ikifika saa 1 hajauza hata nusu. Anarudi nyumbani amenuna, mtoto wa darasa la pili anamsubiri mlangoni na begi mgongoni.

"Kwani imeharibika tena?" baba anauliza.

"Haijaharibika. Haisikiki. Nimepita kwa wateja wote, hakuna aliyetoka." Anampakia mtoto. "Baba watoto, leo usirudi bila kengele."